Kodi Ikipunguzwa, Nani Hupata na Nani Hukosa?



Mwezi wa Januari 2021 mjomba wangu, ambaye ni mkulima wa skimu moja huko Kinangop, alileta viazi vyake katika Soko la Wakulima hapa Nairobi, lile ambalo watu wengi huliita Marikiti. Viazi vilipokwisha kuuzwa alikuja kulala kwangu Jericho. Jioni ile redio ilikuwa ikieleza kwamba kodi zilizopunguzwa mwaka uliopita zimerudishwa. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kodi hizo zilipunguzwa lini? Mbona mimi sikuona kitu?"

Nilitaka kumjibu upesi, lakini nikaona jibu la upesi halitamfaa. Mimi nalisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo, na najua kwamba jambo la fedha halieleweki kwa maneno matupu. Basi tulichukua daftari na kalamu tukapiga hesabu mpaka usiku. Maelezo yafuatayo ni yale yale niliyompa mjomba, pamoja na mambo yaliyotokea baadaye. Yafaa kila mkulima ayasome, maana mabishano juu ya kodi hayajaisha, na kila mwaka hurudi tena Bungeni.

KODI ZA NAMNA MBILI

Wazee wa zamani walijua kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1901, na baadaye kodi ya kichwa. Ubaya wa kodi hizo ni kwamba tajiri na maskini walitozwa sawa. Mtu mwenye ng'ombe mia na mtu mwenye mbuzi mmoja, kila mmoja alilipa kwa ajili ya nyumba yake au kichwa chake. Halafu ikaja kodi ya kila mtu kwa kadiri ya mapato yake, nayo ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 Serikali ilianza kutoza kodi ya mauzo, na mwaka 1990 kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ikachukua mahali pake.

Siku hizi twaweza kuzigawa kodi kubwa katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kodi ya mapato. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa kodi hii na mwajiri kabla ya kupokea fedha zake, na mwajiri huipeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Kodi hii hupanda kwa ngazi. Shilingi za kwanza hutozwa kidogo, na shilingi za juu hutozwa zaidi.

Fungu la pili ni kodi iliyofichwa ndani ya bei. Ukinunua bati, misumari, sabuni au redio, VAT imo ndani ya bei unayolipa. Muuzaji hakuulizi mapato yako. Mkulima wa ekari mbili na mkurugenzi wa benki hulipa kodi ile ile kwa kila kipande cha sabuni.

Mkulima akishika tofauti hii atayafahamu mabishano yote yanayofuata.

MAMBO YALIYOTOKEA MWAKA 1920? LA, MWAKA 2020

Si jambo la zamani. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, kazi nyingi zilisimama. Hapa Eastlands, kutoka Kaloleni mpaka Kayole, watu walirudishwa nyumbani bila mshahara. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kodi zitapunguzwa, na mwezi wa Aprili Bunge likapitisha sheria. Mambo makubwa yalikuwa haya:

1. Mfanyakazi apataye shilingi 24,000 kwa mwezi au pungufu hatakatwa kodi ya mapato.

2. Ngazi ya juu kabisa ya kodi ya mshahara itashuka kutoka asilimia 30 hadi asilimia 25.

3. Kodi ya makampuni itashuka kutoka asilimia 30 hadi 25.

4. Kodi ya mauzo ya wafanya biashara wadogo itashuka kutoka asilimia 3 hadi asilimia 1.

5. VAT itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14.

Mtu akisoma orodha hii atasema kwamba kila mtu alipewa fungu lake. Ni kweli, lakini mafungu hayakulingana. Hapana budi tupige hesabu.

HESABU ZA NYUMBA NNE

Tuchukue wafanyakazi wanne wa mfano. Wa kwanza ni mlinzi anayekaa Kaloleni, mshahara wake shilingi 24,000 kwa mwezi. Wa pili ni fundi wa Jericho, apataye shilingi 40,000. Wa tatu ni mhasibu wa Buruburu, apataye shilingi 100,000. Wa nne ni mkubwa wa kampuni, apataye shilingi 500,000; yeye hakai Eastlands, lakini gari lake hupita Jogoo Road. Ili hesabu iwe rahisi, hatuhesabu makato ya NSSF wala mengine.

Mlinzi: Kabla ya Aprili 2020 alikatwa kodi ya mapato shilingi 1,582 na senti 85 kila mwezi. Baada ya Aprili hakukatwa hata senti moja. Alipata nafuu ya shilingi 1,582 na senti 85.

Fundi: Alikuwa akikatwa shilingi 5,009 na senti 25. Akawa anakatwa shilingi 2,400. Nafuu yake ni shilingi 2,609 na senti 25.

Mhasibu: Alikuwa akikatwa shilingi 22,656 na senti 30. Akawa anakatwa shilingi 16,499 na senti 95. Nafuu yake ni shilingi 6,156 na senti 35.

Mkubwa wa kampuni: Alikuwa akikatwa shilingi 142,656 na senti 30. Akawa anakatwa shilingi 116,499 na senti 95. Nafuu yake ni shilingi 26,156 na senti 35.

Mjomba alipoona tarakimu ya mwisho aliweka kalamu chini. "Yaani nafuu ya huyu mmoja yapita mshahara mzima wa mlinzi?" Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo. Lakini nikamwonyesha upande wa pili pia, maana mwalimu asiyeonyesha pande zote mbili hafundishi. Ukiipima nafuu kwa mshahara, mlinzi alipata karibu shilingi 6 na senti 60 katika kila shilingi 100 za mshahara wake. Fundi alipata 6 na senti 50, mhasibu 6 na senti 20, na mkubwa 5 na senti 20. Kwa kipimo hiki mlinzi ndiye aliyesaidiwa zaidi.

Hapa ndipo mabishano yote ya kodi yanapozaliwa. Mtu anayehesabu shilingi husema tajiri amependelewa. Mtu anayehesabu sehemu ya mshahara husema maskini amependelewa. Wote wawili hawasemi uongo. Kwa hiyo ukimsikia mwanasiasa akitaja hesabu moja, mwulize hesabu ya pili iko wapi.

NA MKULIMA JE?

Mkulima wa skimu hana mwajiri wa kumkatia kodi kila mwezi. Kwa hiyo kodi ya mshahara ilipopunguzwa yeye hakupata kitu mkononi. Mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara kule Umoja pia hakupata kitu kwa njia hiyo, wala kijana wa mkokoteni.

Nafuu yao ilikuwa ndani ya VAT. Bidhaa ya shilingi 1,000 kabla ya kodi iliuzwa shilingi 1,160. Baada ya kodi kupunguzwa ilipasa kuuzwa shilingi 1,140. Mkulima aliyenunua vitu vya namna hiyo vya shilingi 5,000 kwa mwezi aliokoa shilingi 100, ikiwa mwenye duka alikubali kushusha bei. Kadhalika unga wa mahindi hautozwi VAT, kwa hiyo bei yake haikuweza kushuka kwa sababu hiyo. Basi ndiyo maana mjomba hakuona kitu. Shilingi 100 zilizotawanyika katika sabuni, betri na misumari hazionekani kwa macho.

Lakini tusiishie hapo. Fundi wa Jericho aliyepata shilingi 2,609 zaidi hakuzila peke yake. Alinunua maziwa, viazi na kabichi, na pengine alimtumia mama yake nyumbani. Maziwa na viazi hivyo vyatoka kwenye skimu zenu. Fedha ikiwa katika mfuko wa mtu wa Eastlands, nusu ya safari ya kwenda shambani imekwisha. Mtu wa mshahara mdogo hutumia karibu yote apatayo, na kitu cha kwanza anunuacho ni chakula. Mkubwa wa shilingi 500,000 hakunywa maziwa mengi zaidi kwa sababu ya nafuu yake. Alikuwa amekwisha kunywa ya kumtosha. Huenda aliweka fedha benki au akaanzisha biashara, na hilo nalo lina faida yake, lakini si faida ya upesi kwa muuza viazi.

MANENO YA PANDE MBILI

Ilipofika mwisho wa mwaka 2020 swali likawa hili: Je, kodi ziendelee kuwa chini, au zirudishwe?

Waliotaka zirudishwe walisema hivi. Serikali inakusanya fedha kidogo kuliko matumizi yake. Pengo lazima lijazwe, na likijazwa kwa mkopo, mkopo huo una riba, na riba italipwa na watoto wetu. Tena kazi zimeanza kufunguliwa, na nafuu ilitolewa kwa ajili ya taabu ya muda. Isitoshe, sehemu kubwa ya nafuu huenda kwa watu wenye mishahara mikubwa.

Waliotaka nafuu iendelee walisema hivi. Ugonjwa haujaisha, na watu wengi bado hawajarudi kazini. Ukimrudishia mtu mzigo kabla hajasimama vizuri ataanguka tena. Tena fedha ikibaki kwa mwananchi huzunguka sokoni na kuleta kazi. Wengine waliongeza kwamba Serikali ingefaa kwanza kupunguza matumizi yake yasiyo ya lazima.

Mkulima ana haki ya kuyapima maneno haya yote. Lakini asisahau jambo moja linalomhusu sana. Kwa Katiba ya mwaka 2010, kilimo ni kazi ya serikali za kaunti kwa sehemu kubwa. Na kaunti hupewa fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokwisha kukaguliwa. Mshahara wa bwana shamba, josho la ng'ombe na barabara ya kutolea maziwa hutegemea fungu hilo. Kodi ikipunguzwa bila mpango, chungu kinapungua, na wa kwanza kuona ukali wake ni mtu aliye mbali na jiko.

UAMUZI WA DESEMBA 2020

Mwezi wa Desemba 2020 Bunge lilipitisha sheria nyingine, na kuanzia tarehe 1 Januari 2021 mambo yalibadilika. VAT ilirudi asilimia 16. Kodi ya makampuni ilirudi 30. Ngazi ya juu ya kodi ya mshahara ilirudi 30. Lakini si kila kitu kilirudi. Mtu wa shilingi 24,000 au pungufu aliachwa bila kukatwa kodi ya mapato, na kodi ya mauzo ya wafanya biashara wadogo ilibaki asilimia 1.

Tuzirudie nyumba zetu nne. Mlinzi alibaki na nafuu yake yote ya shilingi 1,582 na senti 85. Fundi wa shilingi 40,000 alianza kukatwa shilingi 4,383 na senti 35, maana yake katika nafuu yake alibakiwa na shilingi 625 na senti 90 tu. Mhasibu alibakiwa na shilingi 272 na senti 95. Mkubwa wa kampuni naye alibakiwa na shilingi 272 na senti 95, sawasawa na mhasibu.

Basi twaona kwamba Bunge lilichagua. Nafuu ya mshahara wa chini iliendelea, na ya mshahara wa juu ikakoma. Aliyeumia kwa kimya ni mtu wa katikati, yule fundi wa Jericho. Na mkulima? Yeye alirudishiwa VAT ya asilimia 16. Shilingi zake 100 ziliondoka kama zilivyokuja, bila kuonekana.

WENZETU WA MAREKANI

Mabishano haya si ya Kenya peke yake. Nchi ya Marekani ilipunguza kodi mwaka 2001 na 2003 wakati wa Rais George W. Bush, na sheria yenyewe ilisema kwamba nafuu itakwisha mwisho wa mwaka 2010. Wakati ulipofika, chama cha Republican kilitaka nafuu iendelee kwa watu wote. Rais Barack Obama na wengi wa chama cha Democratic walitaka iendelee tu kwa jamaa zipatazo chini ya dola 250,000 kwa mwaka. Mwezi wa Desemba 2010 walipatana kuiongeza miaka miwili kwa wote. Mwezi wa Januari 2013 wakaifanya ya kudumu kwa watu wengi, lakini mtu apataye zaidi ya dola 400,000, au mume na mke wapatao zaidi ya dola 450,000, wakapandishiwa kodi.

Mwaka 2017 walipunguza kodi tena, na sehemu kubwa ya nafuu ya watu binafsi iliwekewa mwisho wa mwaka 2025. Mwezi wa Julai 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria ya kuiendeleza, na vyama vikagombana kama zamani. Somo kwetu ni hili: nafuu ya kodi ni rahisi kuitoa na ngumu kuiondoa. Ndiyo maana yafaa iulizwe tangu mwanzo, "Itaisha lini, na nani atalipa pengo?"

MAMBO YA BAADAYE HAPA KWETU

Mwaka 2023 sheria ya fedha ilipitishwa na wabunge wa upande wa Serikali huku wale wa Azimio wakiipinga. Kwa upande mmoja iliongeza ngazi mbili juu: asilimia 32.5 kwa mshahara uliozidi shilingi 500,000 kwa mwezi, na asilimia 35 kwa ule uliozidi 800,000. Kwa upande mwingine iliongeza VAT ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16, ikapandisha kodi ya mauzo ya wafanya biashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi 3, na ikaleta ada ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo hukatwa kuanzia shilingi ya kwanza ya mshahara. Yule mlinzi wetu wa Kaloleni, ambaye hakukatwa kodi ya mapato, akakatwa ada ya nyumba shilingi 360. Na mkulima, lori la kubebea viazi vyake likanywa dizeli ya bei kubwa.

Mwaka 2024 mswada mwingine ulitaka, pamoja na mambo mengine, mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Pendekezo la mkate liliondolewa kwa sababu ya kelele za wananchi. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliukubali mswada na 106 wakaukataa, na siku hiyo hiyo vijana waliingia Bungeni na watu wakapoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto alisema hatautia sahihi. Ni jambo la kusikitisha kwamba hesabu ya kodi ilifika mahali pa kumwaga damu. Hesabu hupigwa kwa kalamu, na mapema.

MKULIMA AFANYE NINI?

Katiba yasema kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na kwamba kodi haitozwi wala haiondolewi ila kwa sheria. Yasema pia kwamba Bunge lazima lisikilize maoni ya wananchi. Miswada ya fedha hujadiliwa katika miezi ya Aprili, Mei na Juni, na maoni hupokewa kwa maandishi au katika mikutano. Kwa hiyo chama chenu cha ushirika chaweza kuandika barua, na mzee wa skimu aweza kusimama mkutanoni. Ili maneno yenu yawe na uzito, ulizeni maswali haya:

Kwanza, kodi inayopunguzwa ni ya mshahara au ya vitu vinunuliwavyo? Kama ni ya mshahara, mkulima atapata faida kwa kupitia wateja wake tu.

Pili, nafuu ni shilingi ngapi kwa mtu wa chini, wa katikati na wa juu? Wapeni wabunge mishahara minne kama tulivyofanya, nao wapige hesabu mbele yenu.

Tatu, bei dukani itashuka kweli? Nani ataangalia kwamba mwenye duka hakuitia nafuu mfukoni mwake?

Nne, pengo litajazwa na nini? Kwa mkopo, kwa kodi nyingine, au kwa kupunguza kazi za kaunti?

Tano, nafuu itaisha lini?

Tena, kila mkulima aweke daftari. Andika bei ya mbolea, dawa ya kunyunyizia, dizeli, bati na nauli ya lori. Andika pia tarehe. Kodi ikibadilika utaona katika kurasa zako mwenyewe kama bei imefuata au la, nawe hutahitaji kuambiwa na mtu wa chama hiki wala kile. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Asubuhi ile mjomba alipoondoka kurudi Kinangop, aliomba apewe karatasi yenye hesabu za nyumba nne. Alisema ataipeleka katika mkutano wa ushirika, naye ataongeza nyumba ya tano, yaani yake mwenyewe. Nawashauri ninyi pia mfanye hivyo.